Waziri na Mafuta ya Candiru

Ramadhani ya mwaka tisini na nne iliwakuta watu wa Oli, mtaa wa mji wa Arua, katikati ya kiangazi kikali, na kama jua halikutosha kuwatesa, kulikuwa na gari la Kamisi. Lilipita saa nane mchana, wakati ambapo mfungaji hata kumeza mate anafikiria mara mbili, na nyuma yake likaacha harufu ya samaki wa kukaanga na vitunguu. Watu waligeuka kutafuta jiko liko wapi. Jiko halikuwepo. Lilikuwepo vumbi tu, na gari refu jeusi la saluni likipotelea kwenye njia ya Koboko.

Gari hilo waliliita Waziri. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mkubwa mmoja wa serikali huko Kampala, akalitumia mpaka akalichoka. Baada yake lilimilikiwa na mfanyabiashara wa kahawa, kisha na mtu mmoja wa Zaire ambaye hakupenda kuulizwa maswali. Lilipomfikia Kamisi lilikuwa na viti vya ngozi, saa iliyogoma kwenye saa nne na robo, na kioo cha mlango kilichopanda kwa kuvutwa na watu wawili. Lakini injini ilikuwa ya dizeli, nzito, ya zamani, na tusiionee: haikuwahi kumlaza Kamisi njiani hata siku moja. Alibeba nalo maharusi, maofisa, na wagonjwa wenye uwezo kati ya Arua na Koboko, na kila abiria alilazimika kusikiliza sifa zake kutoka safari inapoanza hadi inapoisha.

Ubaya wa gari la mkubwa ni kwamba hata likizeeka linaendelea kula kama mkubwa. Njia ya Kampala ikifungwa kwa sababu ya waasi, dizeli inapanda bei. Njia ikifunguliwa, dizeli haishuki. Bado chujio, bado nozeli, bado tairi. Na tairi ndizo zilizomponza Kamisi.

Mkewe, Mariam Poni, alikuwa akikaanga mandazi na sambusa mbele ya nyumba yao, kazi ya miaka kumi na tisa, na nyumba hiyo ilikuwa inavuja. Kamisi alimwahidi mabati mvua ya kwanza, akamwahidi ya pili, akamwahidi ya tatu. Mwezi wa kumi na moja pesa za mabati zikawa tayari kwenye sanduku, na siku hiyohiyo Waziri akapasukiwa tairi mbili. Kamisi akafanya jambo ambalo mpaka leo analisimulia kwa sauti ya chini: akanunua tairi nne. Jioni mvua ikanyesha. Poni akatazama maji yanavyodondokea unga wake, akatazama tairi mpya zinavyong'aa, wala hakugombana. Alisema gari lina paa zuri, mwenye gari akalale humo. Akabeba karai lake, akapanda lori kwenda kwa baba yake, kijijini Dranya.

Baba yake alikuwa mzee Sulaimani, sajenti meja mstaafu, mtu wa swala tano na maneno machache. Alimtumia mkwewe ujumbe mfupi kama amri ya kambi: anampa mpaka Idd. Idd ikipita bila neno la maana, ndoa itapelekwa kwa sheikh ikamalizwe.

Kamisi alimpenda mkewe. Acha tuliseme sisi, maana yeye hakuwa hodari wa kulisema. Alimpenda, na nyumba bila yeye ilimshinda kukaa. Kumrudisha kulihitaji mabati, mabati yalihitaji kazi ya gari, na gari lilikuwa linakunywa kila alichokipata kabla hajafika nacho nyumbani.

Aliyemwokoa alikuwa Ezati, fundi wake. Alimwambia kwamba injini ya zamani ya namna hii haina makuu, mafuta yoyote mepesi na safi itayachoma. Na pale sokoni alikuwepo Candiru, mjane mkaanga samaki, ambaye kila wiki alimwaga dumu zima la mafuta yaliyokwisha kazi. Wakakubaliana: Kamisi angembebea vikapu vya samaki kutoka stendi, naye Candiru angempa mafuta. Sharti la Ezati lilikuwa moja, yachujwe kwa kitambaa laini. Kamisi akapekua nyumba nzima, akakuta leso moja ya Poni, ya maua mekundu, imesahauliwa kwenye kamba nyuma ya mlango. Basi akawa anachujia hiyo. Ezati akaongeza onyo: mafuta haya yakipoa yanaganda kwenye mipira inayoyapeleka kwenye injini, kwa hiyo gari likishawaka asilizime mpaka arudi nyumbani, akilizima njiani atalisukuma peke yake.

Gharama zikashuka kama mtu aliyekatiwa ngazi. Siku za mwanzo Kamisi mwenyewe alisikia harufu ile na ikamtia njaa. Baada ya wiki mbili pua ikazoea. Baada ya mwezi pua ikafa kabisa. Shati lake lilinuka samaki, kofia yake ya swala ilinuka samaki, na yeye hana habari. Msikitini watu walimwachia nafasi pana kulia na kushoto, akadhani ni heshima ya kumiliki Waziri.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani alipiga moyo konde akaenda Dranya kujaribu bahati. Alisimamisha gari katikati ya boma la mkwewe na kuliacha linanguruma, maana onyo la Ezati hakulisahau. Hilo peke yake lilikuwa kosa. Mzee Sulaimani aliamini kwamba mkwe asiyezima gari hakuja kuomba, amekuja kuchungulia. Walisalimiana kwa adabu zote. Kamisi akaketi kwenye mkeka, na upepo ukavuma kutoka upande wa gari.

Mzee akanusa. Akamtazama mkwewe usoni, akamtazama midomoni, akamwuliza polepole kama anafunga. Kamisi akajibu kwamba anafunga tangu siku ya kwanza, hajaacha hata moja. Mzee akashika tasbihi yake, akamwambia aende na Mungu. Poni hakutoka nje. Alikuwa nyuma ya mlango, naye alinusa.

Kamisi alirudi Arua akiwa na hakika ya jambo moja: amekataliwa kwa sababu amekwenda mikono mitupu. Akaongeza safari. Akaongeza mafuta ya Candiru. Alizunguka mwezi wote mtukufu akifukiza watu waliofunga, kutoka Oli mpaka Koboko, na kila shilingi aliyookoa kwenye dizeli akaigeuza bati.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Idd, baada ya alasiri, Waziri aliingia boma la Dranya na mabati yamefungwa juu ya paa, yakigongana kwa kelele hata mbuzi wakakimbia. Kamisi alishuka anatabasamu. Aliacha injini inanguruma. Alidhani watamkimbilia kuyatazama mabati.

Hakuna aliyeyatazama. Mzee Sulaimani alikuwa amewaita ndugu zake sita, wamekaa kwa safu, na mkubwa wao, Yakani, tayari alikuwa ameziba pua kwa kanzu. Safari hii Poni alitoka, akasimama kando ya jiko, mikono kiunoni. Kamisi alipomwona akasahau salamu zote alizozipanga njiani.

"Kamisi," mzee akasema, "mimi nauliza mara ya pili, na leo ni Ijumaa. Wewe nakula mchana?"

Kamisi akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba yake. Kadiri alivyoapa ndivyo alivyosogea, na kadiri alivyosogea ndivyo wazee walivyorudi nyuma. Ndipo Poni akazungumza, kwa utulivu wa mtu anayetoa ushahidi wa kitaalamu.

"Hakuna haja ya kuapa. Hiyo ni samaki, ngege. Iko na kitunguu na pilipili kidogo. Mafuta yake nachoma mara tatu, mara ine. Huyo mwanamke iko mvivu ya kubadilisha mafuta, lakini samaki yake naiva muzuri. Nani huyo nakupikia?"

"Candiru," akasema Kamisi, kabla akili haijamfikia.

Jina la mwanamke lilikuwa limetajwa mbele ya wakwe, katika mwezi wa toba, na mume mwenyewe, kwa mdomo wake. Mmoja wa wazee akasema "Astaghfirullah" na kutazama chini. Kamisi aliona miaka kumi na tisa inamponyoka, na hofu ikamfungua ulimi kuliko alivyowahi kufunguka. Alieleza habari za Ezati, za dumu, za vikapu vya samaki, za mipira inayoganda. Hakuna aliyemsadiki. Yakani alimwuliza kama gari hilo linapewa na ugali wa kushindilia.

"Baba," Kamisi akamwambia mkwewe, "mimi naomba kitu moja tu. Kuja nyuma ya gari. Nusa."

Mzee Sulaimani alikuwa amekagua mizinga na malori ya jeshi enzi zake, lakini hakuwahi kuombwa kunusa ekzosi. Alisita. Kisha akavua viatu, kwa nini hajui hata yeye, akazunguka nyuma ya Waziri, akainama mpaka kilemba kikagusa bampa. Akavuta pumzi. Watu wakasubiri. Mzee hakuinuka. Akavuta tena, macho amefumba, na usoni pake ikapita sura ya mtu aliyewekewa sahani.

"Nini?" Yakani akauliza.

"Ngege," mzee akasema.

Basi ikawa lazima kila mmoja ahakikishe. Wazee sita wakajipanga nyuma ya gari, na wa kwanza alisukumwa na wa pili kwa sababu alikuwa anakawia. Katikati ya ukaguzi huo Yakani alizua swali zito: moshi wa samaki ukiingia tumboni, saumu imevunjika au haijavunjika? Wakaanza kubishana palepale. Mzee Sulaimani, ambaye alikuwa ameshika nafasi yake karibu na bomba muda wote, alitoa hukumu kwamba harufu ikija yenyewe haina neno, lakini anayeinama kuifuata ana kesi ya kujibu. Hapo ndipo alipokumbuka kunyoosha mgongo.

Poni hakunusa. Alikwenda kwenye buti, akalifungua. Ndani mlikuwa na madumu mawili, bakuli la plastiki, na juu ya bakuli, imefungwa kwa kamba, leso ya maua mekundu, nyeusi katikati kwa mafuta.

"Leso yangu," akasema. "Hii mimi natafuta hapa Dranya miezi mitatu."

Kamisi akajitetea kwamba kitambaa kingine laini hakikuwepo nyumbani. Poni akaifungua leso, akaigeuza upande na upande. Hasira yake ilikuwa imepoteza njia na sasa inatafuta pa kutokea.

"Na kwa nini mafuta ya Candiru? Mimi nakaanga mbele ya mlango yako miaka kumi na tisa. Mafuta yangu iko na kasoro gani?"

"Mafuta yako ilikuwa wapi?" akasema Kamisi. "Wewe naenda na karai." Akatazama vidole vyake, vilivyong'aa kwa grisi. "Leo watu iko nasema mimi nanuka samaki. Mimi sisikii kitu, pua yangu imekufa. Lakini kila asubuhi naamka, najua mandazi haiko. Hiyo tu ndio nasikia."

Wazee waligeukia mbuzi, kila mmoja akijifanya hayupo. Poni alisimama na leso mkononi, na machozi yakamjia ambayo hakuyataka. Akayapangusa kwa kiganja, akauliza mabati ni mangapi.

"Kumi na nane."

"Nyumba nakula ishirini."

"Mbili bado."

Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyemjua mumewe tangu zamani, akaingia ndani. Kamisi hakujua kama hilo ni ndiyo au hapana. Roho ilimkaa mkononi mpaka alipomwona anatoka, na mkononi mwake karai, lile lile jeusi, limesuguliwa chini likametameta. Akaliweka kwenye kiti cha mbele. Akasema madumu yale yatarudi kwa mwenyewe na asante juu yake, na kwamba kuanzia Idd gari hili litakunywa mafuta yake au litakunywa maji.

Kamisi akakimbilia mlango wa dereva kabla neno halijabadilika. Mzee Sulaimani akamzuia.

"Zima gari kwanza. Nani nafuturu na injini nanguruma?"

Hapo Kamisi akasimama. Akakumbuka onyo la Ezati, akakumbuka mafuta ya Candiru ndani ya mipira, mazito, yanasubiri kupoa. Akamtazama mkwewe, akamtazama Poni, ambaye alikuwa anamtazama yeye. Akaingiza mkono dirishani akageuza ufunguo. Waziri alitetemeka, akapiga chafya moja, akanyamaza, na kwa mara ya kwanza boma lile likamsikia mkwe wao bila kelele. Akavua viatu, akakaa mkekani. Adhana ilipolia, mzee mwenyewe ndiye aliyempa tende ya kwanza.

Asubuhi, bila shaka, gari lilikataa. Wazee sita na mkwe wakalisukuma kuelekea mteremko, mzee Sulaimani akitoa amri kwa sauti ya gwaride, kushoto, kulia. Poni alikaa kiti cha mbele, karai mapajani, wala hakuonyesha dalili ya kushuka kusaidia. Mteremkoni Kamisi akaruka ndani, akatia gia; Waziri akakohoa, akawaka, akawafunika wote kwa moshi mzito wa samaki. Waliofunga walibaki wamesimama ndani ya moshi ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kamisi alishika usukani. Poni alinusa, akasema Candiru anazidisha pilipili. Kamisi naye akavuta pumzi kwa nguvu, hakusikia kitu, akakata kona kuelekea Arua, amefunga, na akili yote iko kwenye mandazi.