Pasi Iliyonitaka Roho

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sitafuti wa kugawana naye.

Mdogo wangu wa kike, tunayemwita Kamanda, alikuwa anapiga filamu ya kutisha sebuleni kwa shangazi: vyombo vya nyumbani vinaua watu. Kabati lilikuwa limeshammeza mwenye nyumba, blenda imemmaliza jirani. Nilibaki mimi, mume mvivu anayesinzia sakafuni kando ya meza ya kupigia pasi. Pasi iteleze yenyewe mpaka ukingoni, nifumbue macho, nipige ukelele. Basi. Ila kila ikiteleza, nacheka.

"Kaka, kamera ya watu inarudi jioni hii," Kamanda alisema. "Bila ukelele wako sina filamu, nina vipande."

"Nani aogope pasi baridi? Hata shati haliiogopi!"

"Lala chini. Tunaanza tena."

Tukaanza tena, na tena. Sauti ilimkauka, jasho likamtiririka, kukaa hakai. Meza tuliiinamisha kidogo, na shangazi alikuwa nyuma ya mlango na uzi wa nailoni ulioizuia pasi, anaulegeza kidogo kidogo. Uzi ulifungwa kitakoni mwa pasi, maana kwenye mpini kamera ingeuona.

Hapo akili zangu nyingi zikanituma. Pasi ikifuka mvuke, nikawaza, huenda nami nikaacha kucheka. Kamanda alipokwenda kunawa uso, nikaijaza maji, nikaichomeka nyuma ya kochi, nikajilaza kama mtoto mwema.

"Shangazi, legeza!"

Pasi ikaja inafuka. Kamanda akatoa macho. "We kaka, umefanya n..."

Nailoni na moto, nani alikumbuka? Uzi ukayeyuka. Shangazi akabaki na kipande mkononi, pasi ikaruka ukingo, waya ukachomoka ukutani, na chuma kikatua mkekani, shibiri moja na sikio langu. Ukelele ulionitoka sikujua kama ninao.

Kamanda alinikagua kwa macho, kichwa mpaka kidole.

"Umeungua?"

"Sijaungua."

"Mshukuru Mungu, maana ningekumalizia mwenyewe. Ukelele nimeupata."

"Ufute! Ule si ukelele wa mwanamume. Watu watanicheka mpaka kazini."

"Sifuti. Nimeutafuta tangu asubuhi."

"Ati waseme niliogopa pasi! Nilikuwa naigiza tu."

"Sifuti, kaka."

Tukavutana, huyu hivi, yule vile, mpaka mwenye kamera akabisha hodi. Kamanda akaikumbatia kamera kifuani kama mtoto mchanga.

"Shangazi, mwamue mwanao," nikasema. "Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, niogope pasi?"

Shangazi alikuwa anautazama mkeka wake uliotoboka. Akaiokota pasi, akaipapasa kwa kiganja, kisha akainua uso kunitazama.

"Imeshapoa, baba. Haya, shuka huko juu ya friji."