Taa ya Kijani Kidakioni

Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, Veronika alikisogeza kiti chake mbele ya kompyuta ya jumuiya ya watumia maji, pale mtaani Mwembesongo, akakaza kilemba na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mzee Kondo." Ndipo akaufungua ujumbe. Nao ujumbe ulianza siku zote kwa namna moja: "Marahaba, Mama Leonard."

Mzee Kondo hakuweza kumsikia. Alikuwa mbali, juu Uluguru, akilinda kidakio ambako maji ya mto huingia kwenye bomba la kushuka mjini. Simu haikushika katika bonde lile. Kulikuwa na mtambo wenye antena, ambao kila saa ulipima kina cha maji na kukituma mjini, na chini ya kipimo palikuwa na nafasi ya mlinzi kuandika neno. Kila Veronika alipolifungua neno, taa ndogo ya kijani iliwaka chumbani mwa mlinzi kule kidakioni, naye akajua kwamba amesomwa. Walikuwa wameonana mara moja tu, miaka minne iliyopita, siku ya kufunga mtambo. Tangu siku hiyo mzee aliamini kwamba mwanamke yule mwenye adabu hawezi kusoma barua ya mkubwa wake bila kumwamkia kwanza, kwa hiyo yeye aliitikia mapema kabisa.

Mume wa Veronika alikuwa amefariki. Leonard, mwanawe wa pekee, alikuwa Mbeya, na simu zake zilikuwa zimepungua. Katika nyumba alimopanga, wapangaji wenzake waliondoka alfajiri na kurudi kulala. Ukiondoa ujumbe ule wa asubuhi, siku nzima ingeweza kupita bila mtu kumwita Mama Leonard.

Mvua za masika yaliyopita ziliharibu utaratibu huo. Veronika alishikwa na homa siku mbili, ujumbe wa kidakio kingine kilichoziba kwa majani ukakaa bila kusomwa, na mitaa mitatu ikanywa maji ya tope. Kamati ikaamua kwamba vituo kumi na vinne vya maji ni vingi mno kwa macho ya mtu mmoja. Programu ya akili mnemba ingeunganishwa na huduma inayotunza kumbukumbu za mitambo, isome kila mstari mchana na usiku, na kumwita Veronika panapotokea jambo tu. Kazi ya kuiunganisha akapewa yeye.

Fundi, kijana aitwaye Luqmani, alimwelekeza kwa simu kutoka Dar es Salaam siku ya Jumanne.

"Shikamoo mama. Umefungua lile dirisha jeusi?"

"Marahaba. Limefunguka. Halina hata picha moja."

"Haliumi, mama. Hapo tunaandika amri tu, mstari kwa mstari. Ukikosea herufi litakununia, basi."

Veronika alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la kinamama, na mwalimu wake alimzoeza kutoamini mkono kabla ya jicho. Kila amri aliyosomewa aliiandika kwanza kwa kalamu katika daftari, akaipitia kwa kidole, ndipo akaiingiza. Amri ya kwanza ilileta programu. Ya pili ilimdai ufunguo wa siri wa huduma, mrefu kama utepe wa kushonea, naye akaunakili herufi kwa herufi hadi dirisha likajibu kwamba limemtambua. Ya tatu ikapanga majina ya vituo vyote kumi na vinne. Alipoliona jina la kidakio cha Mzee Kondo katika orodha alijikuta akitabasamu.

"Sasa kichujio," alisema Luqmani. "Tusimchoshe wakala wetu, yaani hii programu, kwa mistari isiyo na habari. Ngoja nione hapa... Heh! Mama, huyu wa kituo cha tisa ni nani? 'Marahaba, Mama Leonard, umeamkaje, huku salama, ndege wameamka kabla yangu.' Huyu babu anasalimiana na mashine?" Akacheka hadi akakohoa. "Au ana lake jambo?"

Veronika aliona uso wake ukipata moto, ingawa ofisini hakukuwa na mtu wa kumwona. Angeweza kusema kwamba salamu zile ni zake, na kwamba anazihitaji. Lakini mwanamke wa miaka hamsini na sita anaanzaje kumwambia kijana wa watu maneno kama hayo?

"Ni mazoea ya wazee tu," alisema. "Salamu hizo hazina kazi."

"Basi wewe unayewafahamu, nipe kanuni. Ujumbe gani tuuache nje?"

"Wakiandika salama," alijibu upesi, ili yaishe, "maana yake hakuna tatizo."

Akaiandika amri kwenye daftari, akaipitia kwa kidole, akaiingiza: kila mstari wenye neno salama usipelekwe kwa wakala. Akabonyeza enta. Dirisha likajibu kwamba muunganiko umekamilika.

Jumatano asubuhi, wakala alimwandikia: "Vituo 14 vinafanya kazi. Hakuna tukio." Alhamisi aliandika vivyo hivyo. Katibu wa jumuiya, Bwana Castory, alichungulia mlangoni akiwa na kikombe cha chai.

"Naona sasa unakula starehe, mama. Mashine inasoma, wewe unakunja mikono."

"Ni kweli, katibu. Ninaikunja."

Alifuta vumbi mezani, akalifuta tena. Alitazama dirishani, mlima ukiwa umejifunika ukungu hadi mabegani, akajiuliza kama ndege wa kule wameamka kabla ya mzee. Alijiambia kwamba ni utoto, na kwamba asubuhi mbili si kitu. Ijumaa, wakala alipoandika tena kwamba hakuna tukio, alilifungua daftari, akalifungua na dirisha jeusi, na kwa mkono wake mwenyewe akaomba mistari yote ya kituo cha tisa, bila kichujio.

"Shikamoo, Mzee Kondo," alisema.

Mistari ikashuka. Maneno matatu ya mlinzi yalisomeka, lakini yalikuwa na alama kwamba hayajafunguliwa.

La Jumatano: "Marahaba, Mama Leonard. Huku salama, maji meupe. Ila jana jioni niliteleza pale juu ya jiwe, mguu umevimba kidogo."

La Alhamisi: "Marahaba, mama. Salama tu. Mguu haukanyagi chini. Akipita mtu nitamtuma kijijini. Taa yako haikuwaka jana."

La Ijumaa: "Marahaba. Salama. Taa haikuwaka juzi, wala jana. Nadhani unaumwa. Usihangaike na mimi, unga upo, maji nayafikia kwa kutambaa. Wewe meza dawa, ujitahidi kula."

Veronika aliyasoma kwa kidole hadi mwisho. Aliingiza amri ya kufungua maneno yote matatu, ili taa iwake hata kabla hajaishika simu. Ndipo akampigia Bwana Ahmadi, mwenyekiti wa kitongoji kilicho chini ya kidakio. Watu wanne walipanda na machela. Saa tisa alasiri Ahmadi alimpigia kumwambia kwamba mzee wamemshusha, mfupa umevunjika juu ya kifundo, ana homa, lakini anazungumza.

"Anakuulizia wewe," aliongeza. "Anasema taa iliwaka, kwa hiyo umepona."

Baada ya wiki tatu Veronika alimfuata Kingolwira, kwa binti wa Mzee Kondo, ambako mzee alikuwa ameketi mkekani, mguu wake umefungwa plasta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Leonard. Kumbe hukuumwa?"

"Sikuumwa. Niliiambia mashine kwamba ukisema salama, nisiletewe. Nisamehe."

Mzee alimtazama kwa mshangao. "Sasa ulitaka nianze na mguu? Nimkute mtu asubuhi, nimtupie mguu kabla ya kumjulia hali?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Binti akaleta chai. Alisema kwa upole kwamba baba hatapanda tena mlimani, na baba hakubisha. Alikuwa akiuchezea ukingo wa mkeka.

Jumuiya haikupeleka mlinzi mwingine. Mtambo unajipimia wenyewe, na fundi hupanda mara moja kwa mwezi. Veronika alikiondoa kile kichujio, akamwandikia wakala amri mpya kwamba asiache neno lolote la mtu, na salamu zitajwe peke yake. Wakala ni mtiifu. Kila asubuhi huandika: "Tukio: hakuna. Salamu: hakuna."

Saa mbili kamili Veronika hukisogeza kiti, hukaza kilemba, husema shikamoo. Kisha hufungua lile neno la mwisho la Ijumaa, alilokwisha kulifungua mara nyingi, na kule juu, katika chumba kisicho na mtu, taa ya kijani huwaka.