Figa la Bibiana

Kitendawili nakutega wewe hapo, usitazame pembeni: mgeni kaja kwetu bila kupiga hodi, hali, hanywi, halali, na nyumba nzima ikakosa usingizi kwa ajili yake.

Fikiri. Usiseme maradhi, maradhi yanakula. Usiseme njaa, njaa kwetu si mgeni, ni mwenyeji. Umeshindwa? Basi nipe mji. Unanipa Newala? Sitaki, nitakunywa nini huko? Nipe Masasi. Haya, nimekwenda Masasi, nimekula, nimekunywa, nimerudi, na jibu lake ni jiwe.

Unacheka. Wewe umezaliwa Masasi, mawe kwako ni milima, unayaanikia muhogo. Sisi tuliozaliwa juu, Newala, tumezaliwa juu ya mchanga. Unachimba kaburi, mchanga. Unachimba choo, mchanga. Mtoto wa kwetu akitaka kumtupia mbuzi jiwe, anaokota kokwa la embe. Ndiyo maana hata maji hayakai. Mvua inanyesha usiku, mchanga unaimeza, asubuhi unabishana na jirani kama ilinyesha au uliota. Na mafiga yetu ni madongo ya kichuguu, ambayo yanapasuka siku yoyote yanayotaka yenyewe na kukumwagia mboga.

Mimi niliolewa chini, Chiwata, nikapata mawe na maji. Mdogo wangu Bibiana alibaki juu, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Emmanuel, na mikorosho.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, wanunuzi wa korosho wakaja na mizani zao na maneno yao, maduka ya Masasi yakajaa sabuni za kunukia. Kitu kilichokosa ruksa ni maji. Pampu za bondeni, zile zilizokuwa zikisukuma maji mpaka juu kwetu, zilinyamaza moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekuja kuuliza zimekufa na nini. Aliyekuwa na lori akaanza kuuza maji kwa ndoo. Asiye na fedha akashuka bonde kwa miguu, kama bibi zake.

Basi mwezi wa nane, mchana, watu wako mashambani wanapuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, mbingu ikanguruma pasipo wingu. Mzee Fakihi, jirani yake Bibiana, alijitupa kifudifudi akidhani vita vya Msumbiji vimevuka mto. Kesho yake Bibiana akakuta tundu chini ya mkorosho wake. Akachimba kwa jembe, akatoa jiwe jeusi la ukubwa wa kichwa cha mtoto.

“Mama Emmanuel,” Fakihi akamwambia, “kitu cha mbinguni hicho. Kiogope.”

“Nikiogope nini? Juzi figa langu limepasuka, leo Mungu kanitupia jingine. Wewe alikutupia nini, zaidi ya kukulaza chini na salfa yako usoni?”

Akalibeba kichwani mpaka nyumbani, akaliweka jikoni. Mimi mwenyewe nilipopanda kumsaidia kuokota korosho, nilikula ugali na mbaazi zilizochemka juu yake. Lilikuwa figa zuri. Halichezeshi chungu.

Sasa Emmanuel. Huyu mtoto alisomea madini. Serikali ilimpeleka Ulaya, kisha fedha za masomo zikakatika katikati, akarudi kama nguo iliyoanuliwa mbichi. Akawa anafundisha Dar es Salaam, mwili uko darasani, roho iko kule. Nilipata kumuuliza, “Kazi yenyewe hasa ni ipi, baba?”

“Natafuta maji, mama mkubwa.”

“Wapi?”

“Nje ya dunia.”

“Si ungeanzia kwenu.”

Hakucheka. Nikajuta kumtania.

Habari ya jiwe ilishuka na wanunuzi wa korosho mpaka Masasi, ikapanda basi, ikamfikia. Naye akatuma neno kwa mdomo wa kondakta: jiwe lisiguswe na maji kabisa, Emmanuel anakuja. Tulicheka mpaka tukajishika mbavu. Nani wa Newala angemwagia jiwe maji? Bibiana akaliepua jikoni, akalisugua masizi kwa majani makavu, akalifunga kwa kanga yake ya kwendea kanisani, akaliweka juu ya kigoda kama bibi harusi. Pale jikoni palipobaki wazi akaweka dongo jipya la kichuguu.

Emmanuel alikuja mwezi wa kumi, vumbi mpaka kwenye nyusi. “Shikamoo mama. Shikamoo mama mkubwa.” Hata marahaba zetu hazijaisha, ameshapiga magoti mbele ya kigoda. Akafunua kanga. Akavaa glavu nyeupe kama za daktari wa hospitali ya Ndanda, akaligeuza, akalinusa. Pembeni lilikuwa limemomonyoka kidogo. Akatazama pale kwa kioo cha kukuza, akatazama tena.

“Ndilo,” akasema. “Mama, ndilo lenyewe.”

“Ni nini basi?”

Akakaa chini mchangani, akatueleza. Nakupa kama alivyonipa. Alisema kuna mawe yanazunguka huko juu, makongwe kuliko dunia, na mengine yana maji ndani yake. Si maji ya kutikisika ukayasikia. Yamefungwa ndani ya madini, kama mafuta ndani ya ganda la korosho: ukilishika ganda ni kavu, lakini mafuta yamo. Wataalamu wanataka kujua kama maji ya bahari zetu yalikuja hivyo, jiwe kwa jiwe. Ila mawe ya namna hiyo ni machache, na wenye nayo wameyafungia makabatini, kila punje ina mwenyewe.

“Profesa wangu wa kule ameniambia waziwazi,” akasema. “Nikija na jiwe langu, namaliza masomo, napewa na kazi. Nisipokuja nalo kabla ya mwaka kwisha, nafasi anapewa mwingine. Na mimi sina njia nyingine, mama. Nimegonga kila mlango.”

Bibiana alikuwa akipepeta kwa ungo. Nilimwona anavyomtazama mwanawe. Uso ule ulikuwa haujakunjuka tangu arudi Ulaya, sasa ulikuwa umekunjuka kama wa mtoto aliyetoka kipaimara.

“Mvua imelinyeshea?” Emmanuel akauliza.

“Haijanyesha hata tone, baba.”

“Vizuri sana. Na moto je? Maana ukichoma korosho, mafuta ya ganda yanatoka yote, hayarudi. Jiwe nalo ni hivyohivyo. Moto wa muda mrefu ukilipata, maji yamekwenda, limebaki jiwe tu kama mawe mengine. Mama, limewahi kukaa motoni?”

Ungo ukasimama.

“Hodi humu! Mtaalamu kafika na hatuambiwi?” Ni Fakihi huyo, kaingia na kuku mkononi. Emmanuel akainuka, shikamoo, marahaba, habari za Dar, na Bibiana akapita nyuma yao haraka akaingia jikoni.

Nikamfuata. Nilimkuta amesimama mbele ya jiko lake, anatazama mafiga kana kwamba yamemtukana.

“Dada,” akasema, “tangu mwezi wa nane.”

“Najua.”

“Asubuhi na jioni. Mbaazi zile zinakula moto kutwa nzima.”

“Mwambie, Bibiana. Mwambie sasa hivi, kabla hajaanza kulipenda.”

“Amekwisha kulipenda. Hukumwona?” Akajifuta uso kwa kanga. “Ale kwanza. Nitamwambia akishashiba.”

Akala kuku, akashiba, hakuambiwa. Kesho yake tukachemsha ming'oko, viazi vyetu vya porini, akala akicheka, hakuambiwa. Na yeye hakuuliza tena. Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Mtu mwenye kuuliza kila kitu, amelipima tundu kwa kamba, amechukua mchanga wa chini na wa juu, amemuuliza Fakihi mngurumo ulitokea upande gani, lakini lile moja halirudii. Jikoni hakukanyaga. Nilimsikia akijisemea huku akilipapasa, “Weusi huu ni wa safari. Linapopita hewani ngozi huungua, ndani hubaki baridi.” Alisema kwa sauti ili mama yake asikie. Mama yake alisikia, akainama kuokota korosho.

Fakihi kila jioni alikuja kumchokoza.

“Hebu mtaalamu, maji ya huko juu ni mengi?”

“Mengi, mzee wangu. Kuna mawe mengine huko, ukiyakamua yote, yanajaza bonde hili na kumwagika.”

“Alhamdulillahi. Na bomba lake litapita kwa nani? Maana likipita kwa mwenye lori, tumekwisha.”

Watu wakaangua kicheko, na Emmanuel akacheka nao. Kisha Fakihi akasema, si kwa utani sasa, “Mwanangu, mke wangu ana miaka zaidi ya sitini na leo ameshuka bonde. Haya maji unayoyajua wewe, hakuna hata ya karibu kidogo?”

Emmanuel akamjibu taratibu, “Hiyo ni elimu nyingine, mzee. Mimi sikusomea maji ya chini ya ardhi.”

“Sawa, baba,” Fakihi akasema kwa upole. “Sikulaumu. Nimeuliza tu.”

Siku iliyofuata lori la korosho lilikuwa linashuka Masasi, na Emmanuel alikuwa ameomba nafasi. Jiwe amelitia kwenye debe safi, amelizungushia pamba, amelifunika. Alilikumbatia. Wapakizi walimfanyia mzaha kwamba anasafirisha mayai ya mbuni, naye akawaambia ni zaidi ya mayai, tahadharini.

Nilimvuta Bibiana nyuma ya mkorosho.

“Anaondoka.”

“Namwona.”

“Akifika nalo Ulaya wakalipasua mbele ya watu, wakakuta kavu, atasimama wapi?”

“Na nikimwambia hapa atasimama wapi, dada? Hapa?” Akanionyesha kwa mkono: mchanga, ndoo tupu zimepangwa barabarani zikingoja lori la maji, magunia yanayopimwa kwa mizani ya mnunuzi mwenyewe. “Angalau atakuwa na furaha mpaka uwanja wa ndege. Hujui. Wewe una watoto sita. Pengine kuna pembe moja ambayo moto haukufika. Pengine Mungu ameacha kidogo.”

“Umelisugua mwenyewe pande zote.”

Akajifunga kanga upya. Tukarudi barabarani.

Dereva akapiga honi. Emmanuel akampa mpakizi mmoja debe amshikie, kwa maneno mengi, kisha akaja kumuaga mama yake. Akamshika mikono yote miwili. Alikuwa amenyoa. Alipendeza.

“Mama, safari hii narudi na jina,” akasema. “Profesa kitu cha kwanza ataniuliza ni moto. Ananijua mimi ni mtu wa kanisani, neno langu analichukua. Nitamwambia naapa kwa Mungu halijakaa motoni, kwa sababu nimelipokea mkononi mwa mama yangu mzazi, na mama yangu angeniambia.” Akatabasamu, lakini macho hayakutabasamu, macho yalikuwa yanamshika kama mtu anayeshika ukingo wa shimo. “Si ndiyo, mama?”

Honi ikapigwa tena. Fakihi alikuwa amekuja kuaga, akasimama na kofia yake mkononi, akatazama chini. Mimi nilitazama debe.

Bibiana alivuta mikono yake polepole kutoka mikononi mwa mwanawe, akaikunja kwenye kanga, kama mtu aliyehisi baridi juani.

“Usiape, baba,” akasema. “Nimelipikia. Tangu siku ile nilipolichimba lilikuwa figa langu.”