Bonge Anapungua

Mara ya kwanza Bonge alipomletea mkewe suruali ipunguzwe kiuno, mkewe alipiga kigelegele. Yeye ni fundi cherehani, miaka kumi na tisa anamshonea mumewe akiongeza kitambaa tu, leo eti apunguze! "Umepata kimwana huko nje nini?" akamtania. Bonge akacheka mpaka akashika tumbo. Kumbe alilishika kwa maumivu.

Mkewe akapunguza inchi moja. Miezi miwili baadaye, mbili. Mashati nayo akayabana. Na kazi aliifanya vizuri mno, jamani, hata mtaani hakuna aliyeona nguo zikimpwaya. Bonge alitembea kanyooka kama bwana harusi, na ndani anakwisha.

Damu chooni Bonge aliiona mwenyewe. Akasema ni bawasiri, ya kukaa kutwa kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi. Mara choo kifunge siku nne, mara aharishe, mara atoke msalani na kurudi papo hapo akidai hakijaisha. Akibeba mfuko mmoja wa misumari, anahema. Mkewe alipouliza, aling'aka: "Mambo ya chooni nayo ni ya kuulizana?" Mkewe akanyamaza. Aibu ya kijinga hiyo, isiyomfaa mtu yeyote!

Sasa Bonge amelazwa. Leo asubuhi daktari alimwita mkewe ofisini, majibu ya kipimo cha kamera na cha picha ya tumbo yakiwa mezani. Hakuzunguka: ni saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini.

"Alianza lini kupungua?" akauliza.

"Mwaka na nusu sasa. Nguo nilikuwa nampunguzia mwenyewe," fundi akasema, akaangua kilio. Vidole vyake hivi hivi! Angeacha nguo zimpwaye, watu wangeshtuka, wangemleta hospitali hata kwa kumbeba.

Daktari alimwacha alie kwanza. Kisha akamweleza kwamba uvimbe ungegunduliwa mapema, huenda ungekatwa na mtu akapona. Sasa watampa dawa za kumwongezea siku. Na ndugu zake wa damu wapimwe, hata wanaojiona wazima.

Nje, kwenye benchi, alikaa mdogo wake Bonge. Fundi akamwambia yote kwa kwikwi, damu na choo bila kuficha kitu, maana aibu ilikuwa imeshamwisha.

"Na wewe upimwe, shemeji."

Yule bwana aliinamisha kichwa.

"Shemeji, mimi damu naiona tangu mwaka jana. Nilimwambia kaka. Akasema hata yeye anayo, ni bawasiri tu, nisijisumbue."

Fundi alimshika mkono, mtu mzima na ndevu zake, akamburuta mpaka mlangoni kwa daktari, akilia kwa sauti na watu wote wakitazama.