Aliyeketi Ndani ya Ini la Raymundi

Wiki ya kuvuna karanga, Raymundi wa Puge aliingizwa kwenye mashine ya MRI mjini Tabora, ionekane kama dawa waliyompitishia kwenye mshipa imeua saratani ya ini. "Vuta pumzi. Zuia," sauti ikaamuru, naye akazuia. Mkewe, Gaudensia, alimngoja nje na chupa ya uji.

Baadaye Daktari Amne aliwaita mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, mama. Uvimbe ni huu. Zamani tukimchoma dawa ya kung'arisha picha, ulikuwa unawaka. Leo ni giza tupu. Umekufa."

"Mungu ashukuriwe," alisema Raymundi.

"Ila mama bado yupo."

Pale kwenye picha, kando ya uvimbe, Gaudensia mwenyewe alikuwa ameketi kwenye jamvi, ungo mapajani, akichambua karanga. Nzuri alizitia kwenye gunia. Zilizosinyaa, zenye ukungu wa kijani, alizitia kwenye sufuria.

"Picha ya kwanza gunia lilikuwa nusu," daktari alisema. "Sasa limejaa."

Raymundi akasogeza uso. "Kitenge hicho si nilikununulia Bukene?"

"Ndicho."

"Na za sufuriani anakula nani?" daktari aliuliza.

"Sisi."

Mnunuzi hataki karanga yenye doa, na kutupa chakula ni kujitafutia laana. Ndivyo Gaudensia alivyofundishwa na mama yake, na Puge nzima huchambua hivyo hivyo. Daktari akaeleza kwa upole kwamba ukungu ule ndio huliharibu ini, mwaka baada ya mwaka. Gaudensia alitamani ardhi ipasuke. Tangu aolewe aliujua ule uchungu ulimini, na kila msimu akanyamaza.

"Nimemlisha kwa mkono wangu huu," alisema.

"Basi msizile tena, mama. Na mumrudishe apigwe picha nyingine, tuhakikishe uvimbe haurudi."

Picha haipigwi bure. Walipofika nyumbani Gaudensia alitandika jamvi uani akachambua. Nzuri zote zikaingia guniani, zikauzwe Bukene kwa ajili ya picha. Zenye ukungu alizibeba hadi shimo la taka, akasimama pale hadi mikono ikamuuma. Hakukuwa na kitu kingine cha kuungia mboga. Akarudi nazo jikoni, akazitwanga huku akilia.

Raymundi alitowea tonge, akatafuna polepole.

"Zina uchungu kidogo, mama Julieth."

"Najua, baba Julieth," alisema, akamsogezea chumvi, kisha akajipakulia na yeye.