Magadi ya Chini ya Mti wa Tai

Katika shule yetu ziara ya jiografia hupangwa kwa makini kuliko harusi, kisha huishia ziwani. Kila muhula ramani ya Bonde la Ufa hutundikwa ubaoni. Mahali pote pa sifa huzungushiwa chaki ya rangi: kreta ya Menengai, maporomoko ya Thomson, mlima Longonot. Tunajadiliana, tunapiga kura. Halafu Mkuu wa shule anauliza nauli itatoka wapi, na Jumamosi tunatembea kwa miguu hadi Ziwa Nakuru, kama ng'ombe wanaopelekwa joshoni.

Naomba nieleze, kwa heshima zote, jinsi ziwa hilo linavyonuka. Wazungu hulisifu wakiwa ndani ya motokaa, vioo vimepandishwa. Wanaona ndege wa flamingo wengi kupita kiasi na wanasema ni shuka la rangi ya waridi. Sisi tunaolifikia kwa miguu tunajua kwamba shuka hilo lina matumbo, na matumbo hayo hayapumziki. Tope la ufukoni ni la kijani kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Linakushika mguu, na ukiuvuta unatoka na mlio ambao bwenini kwetu ungemfanya mtu ahamishwe kitanda.

Mimi nilitaka Longonot. Kwetu ni Limuru, na kila muhula treni hunipitisha chini ya mlima huo, kwenda na kurudi. Sijawahi kuukanyaga. Tangu hali ya hatari itangazwe, baba alinikataza hata kuukodolea macho kupitia dirishani, maana mtu wa kwetu akiutazama mlima sana aliulizwa na askari anamtafuta nani huko. Sasa mambo yalikuwa yametulia kidogo, nami nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho. Nisipopanda nikiwa na sare ya shule na mwalimu mbele yangu, sikujua ningepanda lini.

Kizuizi changu kilikuwa Mwalimu Kosgei wa jiografia. Ni mtu mpole, mtoto wa wafugaji, na analipenda ziwa kama shangazi yake. Muhula uliopita, katika ziara iliyopangwa kwenda Longonot ikaishia ziwani, alisimama chini ya mgunga mkavu ulio kando ya maji, akachutama, akakwangua ardhi kwa kisu. Pale chini palikuwa na gamba jeupe, nene, lililopasuka kama sabuni ya zamani.

"Magadi," alisema. "Angalieni yalivyo meupe. Kule kwenye tope yamechafuka, hapa ni safi."

Nilitazama juu. Kwenye matawi walikaa tai kadhaa, shingo uchi, wameshiba mizoga ya flamingo. Mmoja alikuwa anajipinda kwa namna iliyonitia wasiwasi.

"Mwalimu," nilisema, "naomba kuuliza. Hao walioko juu hawahusiki?"

"Tai ni ndege mwerevu, Kang'ethe. Anakaa palipo na chumvi. Mimi nimelelewa na ng'ombe, na chumvi ya kulamba naijua kwa macho."

"Lakini Mwalimu, ng'ombe wenu walikuwa wanalamba chini ya tai?"

"Funga mdomo, ufungue gunia."

Tulijaza gunia. Mpishi wetu, Achola, alilipokea kwa furaha, kwa sababu githeri ya shule yetu, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilikuwa maarufu kwa ugumu. Mahindi yake ungeweza kuyatumia kwenye manati. Kuanzia siku hiyo kila sufuria ilipata kiganja cha unga ule mweupe ili mahindi yalainike. Mimi niliacha kula githeri. Nilimwambia rafiki yangu Kipkemei, tuliyekaa naye dawati moja, ni nini anachokula.

Alitafuna polepole akifikiri. "Kama ni mavi," alisema, "basi ni mavi yaliyopikwa vizuri. Nipe yako."

Hakuna aliyeniamini, na sikuweza kuwalaumu. Mimi ndiye niliyewashawishi wanafunzi wapya kwamba moshi wa Menengai unatoka kwa dobi wa serikali, naye hufua bure nguo za mwanafunzi yeyote atakayesimama ukingoni na kutaja jina lake. Walikwenda huko na mashati machafu mikononi, wakataja majina yao kwa adabu hadi jua likawachoma.

Ndipo ikatangazwa kwamba afisa wa elimu angetutembelea, na kwamba alikuwa na uwezo wa kutoa vocha za reli kwa shule yenye mpango mzuri wa ziara. Nilikaa na ramani kama askofu na biblia yake. Siku ilipofika nilisimama mbele ya meza kuu katika ukumbi wa chakula. Hapo alikaa afisa, mzungu mwenye magoti mekundu, kati ya Mkuu na Mwalimu Kosgei. Nilieleza treni ya asubuhi, Ziwa Elementaita likionekana kupitia madirisha, kisha Naivasha, kisha stesheni ya Longonot, mlima, ukingo, viazi vya kuchemsha tukitazama shimo, na treni ya jioni.

"Mzuri," alisema afisa kwa Kiswahili cha shambani. "Mzuri sana. Mimi taandika reli."

Kipkemei alinikonyeza. Mwalimu Kosgei aliinamisha kichwa, nami nikamhurumia, kwa kuwa nilikuwa nimeshinda.

Kisha Achola akaleta sahani ya githeri ili mgeni aonje chakula cha wanafunzi. Nilitaka kusema kitu. Nilikumbuka vocha, nikanyamaza. Afisa alitia kijiko mdomoni. Aliacha kutafuna. Akatia kijiko kingine.

"Hii laini," alisema. "Shule ingine yote ngumu kama mawe. Hii nani nafanya?"

Mwalimu Kosgei alisimama. Alieleza magadi, ziwa, ng'ombe wa baba yake, yote kwa unyenyekevu, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa afisa ulivyozidi kung'aa. Hii ndiyo jiografia, alisema afisa. Watoto wanaenda, wanaona, wanarudi na kitu mkononi. Akanigeukia.

"Wewe, kutoka Longonot naleta nini?"

Nilifikiri. "Vumbi, bwana."

Watu walicheka, na kicheko hicho kikabeba treni yangu. Ziara itakuwa ziwani, afisa aliamua, na tutabeba magunia. Shule zingine zitapelekewa magadi hayo. Na gunia moja apelekewe yeye, kwa mpishi wake wa nyumbani.

Kwa kuwa sikuwa tena na cha kupoteza, nilisema ukweli. Nilisema kwa sauti ya ibada, mikono nyuma. "Bwana, hayo si magadi. Ni mavi ya tai waliokula mizoga. Niliwaona wakiyatengeneza."

Mkuu alifumba macho, halafu akamwinamia mgeni na kumweleza kwa Kiingereza habari za dobi wa Menengai. Afisa alicheka hadi akakohoa, akaomba sahani ya pili. Mimi nilipewa vyoo kusafisha mpaka siku ya ziara, kazi ambayo, ukilinganisha na meza ile, ilikuwa safi.

Jumamosi tulikwenda. Mwalimu Kosgei aliniweka karibu naye chini ya mgunga ule ule, gunia la afisa mikononi mwangu. Alikwangua, nikapokea. Ndani ya kipande kimoja kulikuwa na unyoya, na katika kingine ukucha mdogo. Nilimwonyesha vyote viwili. Alivitazama, akaendelea kukwangua, ila polepole zaidi.

Kisha kitu cheupe, chenye uvuguvugu, kikaanguka kutoka juu na kutua kwenye bega la koti lake, kikateremka mpaka mfukoni. Mwalimu alikitazama. Alitazama gamba lililo mbele yake. Alitazama juu, na tai akamtazama yeye. Nadhani alikuwa anakumbuka kila sahani aliyokula tangu muhula uliopita.

"Kang'ethe," alisema hatimaye.

"Naam, Mwalimu."

"Gunia hili ni la afisa?"

"La afisa, Mwalimu."

Alijipangusa bega kwa jani, kwa utulivu mkubwa. "Lijaze. Ya shule tutachota kule kwenye tope."

Nililijaza mpaka likakataa kufungwa, nikalifunga hivyo hivyo. Kisha tukaingia kwenye tope, sote, mpaka magotini.

Muhula ulipokwisha nilipanda treni kurudi nyumbani. Tulipofika chini ya Longonot nilisogea dirishani, nikautazama mlima nilivyotaka, na hakuna aliyeniuliza namtafuta nani. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami alinusa hewa, akavuta kapu lake upande wa pili, akauliza kwa upole kama nimebeba samaki.

"La, mama," nilimjibu. "Nimetoka ziarani."