Deki ya Kurudi Nyuma

Kitu cha kwanza Kimya alichokiona kwenye karatasi ya Injinia kilikuwa mshale. Wenzake waliosimama mbele ya ukuta wa korido walisoma maneno. Yeye, nyuma yao na ndoo yake, aliufuata mshale. Ulianzia mlango wa nje, ukapita korido, ukaingia chumba cha kujifungulia, ukaishia chumba cha ndani kabisa, kile walichorundika vitanda vyote vya chuma. Hapo ukagota ukutani, kama mtu aliyefika mwisho wa uchochoro.

Aliona hapo pana kasoro, lakini hakusema kitu. Hawakumwita Kimya bure.

Wodi ya wazazi ya kituo kile cha afya ilikuwa imefungwa kwa wiki ya tano sasa. Kuta zilishapakwa rangi, taa zilishafungwa, ilibaki sakafu tu. Ilitakiwa ifunguliwe Jumatatu ijayo. Mpaka hapo, kila mjamzito aliyeshikwa na uchungu alipelekwa hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili kwenye barabara ya mashimo. Kimya, mfanya usafi, aliisubiri hiyo Jumatatu kuliko hata Injinia mwenyewe, maana nyumbani alikuwa na wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye siku zake zilikuwa zimewadia.

"Wifi," alimwambia jana yake, amejilaza ubavu mmoja kama gunia lililoshushwa vibaya, "hiyo wodi yenu inafunguliwa lini? Mtoto wa kaka yako hana subira. Hiyo haraka kaitoa kwenu."

"Jumatatu."

"Ya mwaka huu?"

Walicheka wote wawili, halafu kicheko kikakatika. Miaka miwili nyuma wodi hiyo hiyo ilifungwa kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Mtoto wa kwanza wa wifi alizaliwa ndani ya gari, kwenye barabara ile, na hakulia.

Sasa Injinia, kijana mrefu mwenye kalamu sikioni, alikuwa akiigonga karatasi yake kwa kidole.

"Kazi yoyote ina maswali matatu. Nini, nani, lini. Kesho Jumanne tunapaka korido. Jumatano chumba cha kujifungulia. Alhamisi chumba cha ndani. Rangi hii ya sakafu, kwa miguu ya mtu, inataka siku moja. Kwa chuma, siku tatu. Kwa hiyo Jumapili tunapanga vitanda, Jumatatu tunafungua. Tunaanza na korido kwa sababu mwenyekiti wa kamati atapita Jumatano, na anataka akute panang'aa. Kuna swali?"

"Langu ni chai," alisema fundi rangi, mtu wa masihara, mwenye matone ya rangi hadi kwenye nyusi. "Kwenye karatasi yako siioni."

Sista, muuguzi mkuu, aliangalia saa yake. Hakuna aliyeuliza lingine.

Kimya alitazama vitanda kule ndani. Ili chumba kile kipakwe Alhamisi, vitanda lazima vitoke. Vitoke vipite wapi? Mlango wa wodi ulikuwa mmoja tu.

Akaitazama ndoo yake. Tangu ana miaka tisa alijua kupiga deki. Unaanza kona ya mbali kabisa, unarudi nyuma kinyumenyume, tambara mbele yako, mpaka mgongo wako ukute mlango. Mama yake alimfundisha mara moja tu na hakurudia.

Akalilowesha tambara, akaenda mpaka mlango wa nje, akainama. Akaanza kupiga deki kuanzia pale walipokuwa wamesimama.

"Ala, tunafukuzwa," alisema fundi rangi, wote wakisogea kibarazani.

Kimya alirudi nyuma kuelekea ndani. Korido ikalowa yote. Chumba cha kujifungulia kikalowa chote. Mwisho mgongo wake ukagonga kitanda cha chuma kwenye chumba cha ndani, akanyooka, tambara likidondosha maji. Kati yake na wale watu palikuwa na sakafu mbichi tupu.

"Kimya, leo umeamkaje?" Fundi rangi alikuwa ameshaanza kucheka. "Umejifungia mwenyewe kama kuku."

"Sasa utatokaje?" aliuliza Sista. "Na usinikanyagie hapo mpaka pakauke."

"Sitoki, Sista," alisema Kimya. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. "Na hivi vitanda navyo, Alhamisi havitoki."

Fundi rangi aliacha kucheka. Injinia alitazama karatasi, akatazama sakafu, akatazama vitanda. Akajikuna shingo.

"Nimepanga kama mtu anayeingia," alisema taratibu. "Kumbe kazi hii ni ya mtu anayetoka."

"Mimi ningepaka tu," alisema fundi rangi. "Naambiwa korido, napaka korido. Alhamisi tungebebana na vitanda juu ya rangi mbichi, halafu nani angelaumiwa? Brashi yangu."

Injinia aliibandua karatasi, akaigeuza upande mweupe, akapiga magoti kibarazani. "Tuanzie mwisho. Jumatatu mama wa kwanza analala. Kabla ya hapo kuwe na nini?"

"Shuka," alisema Sista.

"Na kabla ya shuka?"

"Kitanda, jamani. Au atalala kwenye kamba?"

"Kabla ya kitanda?"

"Sakafu iliyokauka," alisema fundi rangi, sasa bila masihara. "Na ya mwisho kupakwa iwe korido, ili nitokee mlangoni na ndoo yangu. Ndani Jumanne, katikati Jumatano, korido Alhamisi. Siku ni zile zile, ila vitanda vitoke leo, vikae hapa kibarazani chini ya turubai."

"Vumbi," alisema Kimya kutoka kule ndani.

"Umesemaje?" aliuliza Injinia.

"Mkikwangua sakafu, vumbi linapanda juu ya fremu za milango. Mkishapaka, linashuka kwenye rangi. Lifutwe kwanza, kuanzia juu. Nusu siku kila chumba."

Injinia aliandika. "Nani?"

"Mimi."

Akaandika kitu kwenye safu ya mwisho. "Lakini mwenyekiti Jumatano atakuta vumbi tupu."

"Huyo niachie mimi," alisema Sista. "Kitinda mimba wake nilimpokea kwa mikono hii. Ataliona vumbi na atashukuru."

Ilienda hivyo, ila si kwa mteremko. Alhamisi ilinyesha mvua mchana kutwa. Ijumaa, kwenye kikao cha dakika tano walichoanza kukifanya kila asubuhi, Injinia aliuliza kama kuna baya lolote la kusema mapema. Kimya alikuwa ameshaigusa korido kwa kidole. "Miguu itapita," alisema. "Chuma Jumapili, hapana. Inanata."

Kwa kuwa walijua tangu Ijumaa, walipata siku mbili za kufikiri. Jumapili walifungua boliti za vitanda vyote kwa spana, wakavipitisha vipande vipande kwenye dirisha la chumba cha kujifungulia, ambako sakafu ilishakuwa ngumu kama jiwe. "Wezi wa kurudisha vitu," alisema fundi rangi, jasho likimtiririka. Mapazia hayakuwahi. Wodi ikafunguliwa Jumatatu bila mapazia, Sista akaning'iniza shuka.

Wifi alishikwa na uchungu Jumanne asubuhi. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe kwenye korido, ameegemea bega la Kimya, akiilaani haraka ya ukoo mzima wa mumewe. Kabla ya saa sita mtoto alilia, kilio cha hasira, kama mtu aliyecheleweshwa makusudi.

"Shangazi mtu," aliita wifi, sauti imekwaruza, macho yamejaa machozi, "njoo umbebe huyu mwenye haraka zake."

Alimbeba mpaka mikono ikamfa ganzi.

Alipotoka kwenye korido alimkuta Injinia, karatasi mpya mkononi. Baada ya wodi ilifuata sehemu ya wagonjwa wa nje.

"Sijaibandika bado," alisema. "Isome kwanza. Niambie nimekosea wapi."

Kimya aliipokea. Aliifuata mishale. Alizifuata tarehe, moja baada ya nyingine, na hazikugongana. Halafu akafika safu ya mwisho, ile ya maneno marefu yaliyobanana, ile ambayo siku zote alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mtu akiitikia. Angeweza kusema iko sawa, akarudisha karatasi na kuchukua ndoo yake. Nyuma ya mlango mtoto alianza kulia tena.

"Injinia," alisema, "mimi niliishia darasa la tatu. Mishale naisoma, na tarehe. Hii safu ya mwisho siiwezi. Nifundishe."